Majibu kwa Wasomaji: Ndege wa Ziwani na Wanyama wa Msituni Mbele ya Kamera

Tangu tulipochapisha picha ya mnandi akikausha mabawa yake juu ya gogo kwenye ufuko wa Muhumba, meza yetu hapa Bukavu imepokea barua nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua zile zinazouliza mambo yanayowasumbua wengi, na tumezipunguzia salamu ili majibu yapate mahali pa kukaa.

Ndugu Mhariri, kaka yangu aliniachia kamera pamoja na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55. Kila asubuhi mdiria mwenye rangi nyeusi na nyeupe hutua karibu na nyumba yetu ya Nguba, lakini nikimpiga picha hutoka kama nukta. Fundi mmoja wa mjini ameniambia kwamba bila lenzi ya milimita 600 ninapoteza wakati wangu. Je, ni kweli? — Mwalimu wa shule ya msingi, Ibanda

Mwalimu, si kweli, ingawa fundi wako hakusema uongo mtupu. Ukubwa wa ndege ndani ya picha hutegemea mambo mawili, yaani urefu wa lenzi (ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake) na umbali ulio kati yako na ndege. Ukitumia lenzi ndefu mara mbili, ndege huongezeka mara mbili. Ukipunguza umbali kwa nusu, matokeo ni yale yale, na umbali hauuzwi dukani. Tumpigie hesabu ndege wako mwenyewe. Mdiria huyo ana urefu wa sentimita 25 hivi. Akiwa mita 20 kutoka ulipo, lenzi ya milimita 55 humchora juu ya sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, kwa urefu usiofika hata milimita 1, na sensa ya kamera za aina yako kwa kawaida ina upana wa milimita 23 hivi, kwa hiyo nukta unayoiona ndiyo haki yake. Ukiwa mita 10 na lenzi ya milimita 300, mdiria huyo huyo hupata milimita 7.5, karibu theluthi moja ya upana wa picha, na hapo hata jicho lake huonekana. Na hiyo hiyo lenzi uliyoachiwa, ikiwa utafika mita 5, itampa sehemu moja ya nane ya upana, ambayo inatosha kabisa kwa picha inayomwonyesha ndege pamoja na kituo chake, maji na mitumbwi iliyo nyuma. Mimi binafsi huzipenda picha za namna hiyo kuliko zile za kichwa na mdomo tu, ambazo haziwezi kumwambia mtu kama ndege alikuwa Bukavu au kwenye ukuta wa studio.

Ukipata fedha, tafuta lenzi iliyokwisha kutumika ya milimita 70 hadi 300 au 55 hadi 250. Kabla ya kulipa, iondoe kwenye kamera, fungua lote lile tundu lake la kupitishia mwanga, itazame dhidi ya taa, kisha uchunguze ndani ya vioo kama kuna nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui, kwa sababu huo ni ukungu, na katika unyevu wa mji wetu ukungu ukishaingia hautoki kwa kufuta. Lenzi nzima nayo itunzwe ndani ya kopo linalofungwa vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu ambavyo hupatikana ndani ya masanduku ya viatu vipya. Ile ya milimita 600 iache. Ni ghali, ni nzito, na ukiitumia kumpiga ndege aliye mbali juu ya ziwa baada ya saa nne asubuhi, hewa yenye joto inayotetemeka juu ya maji itaharibu kila kitu, hata mkono wako ukitulia namna gani.

Sasa tuje kwa mdiria mwenyewe, kwa maana hapo ndipo picha yako ilipo. Ndege huyu ana vituo vyake na huvirudia. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wanaporudi alfajiri na kufunga mitumbwi yao mitatu iliyounganishwa, ile miti mirefu ya kubebea wavu hubaki imetokeza juu ya maji, na mdiria huifanya kiti chake. Usimfuate. Waombe wavuvi ruhusa, ukae ndani ya mtumbwi uliofungwa jirani au chini ya ukingo kabla hajafika, kamera ikiwa karibu na usawa wa maji, kisha umngoje aje mwenyewe. Ndege wa ufukweni wamezoea mitumbwi na wavuvi, wanachokiogopa ni mtu anayewanyatia. Utamwona akisimama hewani huku mabawa yakipiga kwa kasi na mdomo ukielekea chini, kisha atajitupa majini. Akishika samaki mdogo sana anaweza kummeza papo hapo akiruka, lakini akimshika mkubwa kidogo humleta kwenye kituo, humpigapiga juu ya mti kulia na kushoto hadi atulie, humgeuza ili kichwa kitangulie, ndipo humeza. Kule kumpigapiga huchukua muda wa kukutosha kupiga picha kadhaa, na ni hapo unapotakiwa uwe umeshalenga tayari. Angalia pia kifua chake: dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja ambao kwa kawaida umekatika katikati, na picha inayoonyesha kifua ina thamani kubwa zaidi kwa anayetaka kujua alichopiga.

Jambo la mwisho ni jua. Asubuhi, ukitazama upande wa Rwanda, mwanga unakuja usoni mwako na mdiria anageuka kivuli. Tafuta mahali ambapo ufuko umepinda ili jua likae mgongoni kwako, ama uende alasiri baada ya saa kumi.

Mimi ni mwanafunzi wa Kadutu. Nikiwapiga mwewe wanaozunguka juu ya soko hutoka kama moshi, tena weusi tii, hata manyoya hayaonekani. Kosa liko kwenye kamera au kwangu?

Kijana wangu, kamera haina ugonjwa. Una matatizo mawili tofauti ambayo yamekutana katika picha moja. Moshi unatokana na kasi ndogo ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kujifunga unapopiga picha: mwewe anayeruka anahitaji sekunde 1/1000 kwa uchache, na 1/1600 ni bora. Weka kamera kwenye hali inayokuruhusu kuchagua kasi mwenyewe, ile iliyoandikwa S au Tv, na uiachie ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijipandishe. Picha yenye chembechembe hutazamika, lakini picha iliyotikisika haina dawa. Weusi nao unatokana na anga. Mbingu ya Bukavu yenye mawingu meupe inang'aa sana, kamera hudhani mwanga umezidi na hupunguza kila kitu, na ndege ndiye anayelipa. Bonyeza kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, uongeze nafasi 1 nzima (yaani mwanga mara mbili) au zaidi kidogo, hadi mbingu ionekane nyeupe na manyoya ya kahawia ya tumboni yaonekane.

Washa pia hali ya kulenga mfululizo, na uanze kumfuata mwewe angali mbali, kabla ya kubonyeza. Mkia wake wenye pacha ndio usukani wake. Ukiuona unapinda upande mmoja, geuza kamera upande huo huo pasipo kuchelewa, kwa sababu mwili utafuata mara moja. Saa nzuri sokoni ni ile ya wachuuzi wa samaki na nyama kufunga biashara, mwewe wanaposhuka kuchukua mabaki. Shikilia mkoba wako vizuri wakati huo, maana macho yako yote yatakuwa juu.

Mhariri, mume wangu na mimi tunataka kwenda kuwaona gorila wa Kahuzi-Biega. Watu wanasema msituni kuna giza na kwamba picha hazitoki. Tubebe nini, na tufanye nini? — Mama wa Bagira

Mama, kabla ya kufikiria kamera, ulizeni ofisi ya hifadhi kama ziara zimefunguliwa, kwa kuwa hali ya usalama imezifunga mara nyingi katika miaka hii, na hifadhi yenyewe imekuwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu mwaka 1997. Ulizeni hapo hapo kuhusu ada na umri wa watoto, kisha msilipe fedha kwa mtu yeyote wa njiani.

Hifadhi hii ina uhusiano wa karibu na kamera kuliko wengi wanavyojua: Mbelgiji Adrien Deschryver, aliyeshughulikia kuanzishwa kwake mwaka 1970 na kuwazoeza gorila kuona watu, alikuwa mpiga picha. Gorila wenyewe ni wa jamii ya Grauer, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo, na tangu mwaka 2016 wamo katika daraja la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ndiyo sababu masharti ni makali. Mwongozo wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, unataka wageni wasizidi 8 kwa kundi, wakae saa 1 tu, wavae barakoa na wasisogee karibu zaidi ya mita 7. Mafua yetu ya kawaida yanaweza kumuua gorila, kwa hiyo mmoja wenu akiamka na kikohozi siku ya safari, abaki nyumbani, hata kama fedha zimelipwa.

Watu waliowaambia kuhusu giza wamesema kweli. Kutoka lango la Tshivanga, kilomita 30 na ushee kutoka Bukavu, mtaingia katika msitu wa milimani ulio juu ya mita 2,000, wenye mianzi, ukungu na majani yanayofunika mbingu. Mwako wa kamera umekatazwa, kwa haki kabisa. Wengi huenda huko na lenzi ndefu za bei rahisi ambazo tundu lao halifunguki zaidi ya 5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), nao hurudi na picha zilizotikisika. Ushauri wangu utawashangaza: chukueni lenzi ndogo ya milimita 50 yenye tundu la 1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote. Huingiza mwanga karibu mara kumi ya ile ya 5.6, na kwa mita 8 gorila aliyeketi atachukua zaidi ya theluthi moja ya kimo cha picha, akiwa pamoja na mianzi anayoitafuna. Wekeni ISO 1600 au 3200, na kasi isishuke chini ya 1/200 anapojongea.

Manyoya yake nayo yana hila yake. Kamera ikiona kitu cheusi kikubwa hudhani ni giza, hukiangaza, na gorila hutoka kijivu kama aliyepakwa majivu. Punguzeni basi kwa nafasi 1 kasoro kidogo, kinyume na nilivyomwambia mwanafunzi wa Kadutu. Tumieni nukta moja tu ya kulenga na muiweke juu ya jicho, la sivyo kamera itachagua jani lililo mbele na kulipiga picha nzuri sana. Anapowatazama moja kwa moja, msimkazie macho kupitia kamera kwa muda mrefu. Shusheni kamera, mfanye anavyofanya mwongoza njia, kisha mwendelee akishatulia. Na dakika kumi za mwisho katika saa hiyo moja, nawasihi, zipeni macho yenu na si kamera.

Ninaishi Goma. Ndege aina ya chozi amejenga kiota chake kwenye kichaka karibu na baraza letu, lakini majani mawili makubwa yanaziba. Naweza kuyakata ili nipate picha ya makinda?

Hapana, dada yangu, usiyakate, wala usiyafunge kwa kamba. Majani hayo ndiyo paa la nyumba: huzuia jua la mchana lisiwachome makinda, na huzuia kunguru wasiwaone. Chozi jike hukisuka kile kiota kinachoning'inia kama kifuko kwa nyasi kavu, nyuzi za mimea na utando wa buibui, akiacha tundu dogo ubavuni, na kazi yote hiyo itapotea kwa siku moja ikiwa mama ataogopa kurudi. Kwa kawaida huatamia wiki mbili hivi, na makinda hukaa wiki nyingine mbili au zaidi kidogo kabla ya kutoka. Kaa ndani ya nyumba nyuma ya pazia, fungua dirisha, na umpige mama anapokuja na mdudu mdomoni, si anapokuwa tunduni. Akisimama karibu na kulia bila kuingia kwa dakika kadhaa, wewe ndiwe sababu, ondoka.

Kama nyuma ya kichaka kuna ukuta wa mawe meusi ya volkano, kama ilivyo katika nyua nyingi za Goma, una bahati ambayo wenzako wa Bukavu hawana. Jiwe hilo humfanya chozi ang'ae, mradi upunguze mwanga kidogo ili rangi za shingoni zisiungue.

Niliwahi kuzuiwa na kuhojiwa kwa saa nyingi kwa sababu ya kumpiga picha yangeyange karibu na mto Ruzizi. Nina haki ya kupiga picha za ndege au sina? — Msomaji wa Panzi

Pole sana. Lakini mtazame yangeyange wako kwa macho ya askari wa zamu: mto huo ni mpaka, nyuma ya ndege kuna daraja, na mtu aliyejificha majanini ameelekeza chombo kirefu upande huo. Katika nchi yetu madaraja, mipaka, viwanja vya ndege, bandari na kambi havipigwi picha, na askari hatakuuliza kama ulikuwa umelenga mdomo au nguzo. Tafuta yangeyange mwingine. Wapo wengi kwenye mabonde ya mashamba. Kokote uendako, jitambulishe kwanza kwa mkuu wa mtaa, uwe na kitambulisho, na uwaonyeshe watu picha ulizokwisha kupiga. Watoto wakishamwona ndege ndani ya kioo cha kamera, mtaa mzima unakuwa upande wako.

Simu inatosha?

Kwa ndege aliye mbali, hapana. Kwa kinyonga, kipepeo, mjusi na chura, ndiyo, tena vizuri kuliko kamera nyingi. Ukiwa na darubini, weka jicho la simu katikati ya kioo chake kimoja, uegemeze vyote viwili juu ya ukuta, na utapata picha ya kumtambulisha ndege, ingawa haitakuwa ya kutundika sebuleni.

Kuna mtu anayeuza kasuku wa kijivu wenye mkia mwekundu. Amekubali nimfunge mmoja mguu kwenye tawi nimpige picha. Ubaya uko wapi?

Uko kila mahali. Kasuku huyu amewindwa hadi nchi zinazotia sahihi mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zikakubaliana mwaka 2016 kumweka katika orodha yake ya kwanza, inayokataza biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini. Fedha utakazompa mwuzaji huyo kwa ajili ya picha ni fedha za kumkamatia mwingine. Na picha yenyewe itakusaliti, kwa sababu manyoya ya mkia ya kasuku wa kizimbani mara nyingi yamevunjika, na kamba, hata ukiificha, huonekana katika jinsi ndege anavyosimama.

Mimi ni wa Lubumbashi. Wakati wa kiangazi picha zangu zote zina rangi ya vumbi. Pia nataka kujua kama picha za bustani ya wanyama ya mjini kwetu zinaweza kuitwa za porini.

Nianze na la pili. Haziwezi, na ukizituma popote andika wazi kwamba mnyama yumo kizuizini. Hata hivyo bustani ni shule nzuri. Sogeza lenzi karibu na waya kadiri sheria za pale zinavyoruhusu, fungua tundu lote, umngoje mnyama awe mbali na waya upande wake, na utashangaa kuona waya umepotea katika picha.

Kuhusu vumbi, kati ya Mei na Oktoba hewa ya Katanga hujaa moshi wa nyasi na misitu inayochomwa, na hakuna lenzi inayoona kupita moshi. Hapo ufupishe umbali, uwapige ndege walio karibu katika saa mbili za kwanza za asubuhi, au uitumie hali hiyo kwa makusudi kupiga kivuli cha ndege mbele ya jua jekundu la jioni. Usibadilishe lenzi uwanjani. Ikikubidi, zima kamera, upe upepo mgongo, na tundu la kamera litazame chini. Septemba na Oktoba zina jambo lake jema, kwa kuwa miti ya miombo huchipua majani mekundu hata kabla ya mvua kunyesha. Lakini kama una siku chache tu za mapumziko kwa mwaka, ziweke baada ya mvua za kwanza, Novemba. Hewa inakuwa imesafishwa, kumbikumbi wanatoka ardhini, na mbayuwayu na keremkerem waliotoka Ulaya wanawafuata hewani. Chukua mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uutoboe tundu la lenzi na kuufunga kwa mpira, kwa sababu mvua za huko hazitoi taarifa.